Mwani Wangu Nikauita Nguruwe

Haya, wenzangu wa kamba za mwani, tulieni. Tangu nirudi kutoka Amani kila mkiniona mwaniuliza, "Bi Mwanaidi, mbona kimya? Harusi ilikuwaje?" Nami nawajibu ilikuwa nzuri, nainama nafunga mwani wangu. Mie huyu, ambaye mgeni akipita Kigombe asubuhi, jioni mshanisikia nikimwiga mpaka anavyokohoa. Sasa nasema mara moja, msiniulize tena. Anayeniandikia ni Mwalimu Hadija, maana mie kalamu siijui, na nimemkataza asininyooshee maneno. Kanyoosha moja, nimemsikia akilisoma, nimemwambia alipinde tena.

Mjue kwanza nilifuata nini. Zuhura, mjukuu wangu niliyemlea, kaolewa Amani kwa Washambaa, nyumbani kwa Mama Rajabu. Tangu aingie nyumba ile hajapewa jiko. Anateka maji, anafua, anasugua masufuria ya wenzake, lakini chakula cha wageni hapiki. Mama mkwe wake anasema watu wa pwani kazi yao kulala mchana na kutia nazi kila kitu. Sasa wifi yake akawa anaolewa, na Zuhura akanipigia simu kuwa siku hiyo kapewa sufuria moja. Moja tu, ya kujaribiwa nayo. Watu wakila wakasifu, naye ataingia jikoni kama mke wa nyumba. Wakikataa, arudi kwenye ndoo zake.

Akaniomba nije, tena nimletee gunia la mwani mkavu, ule wa aina ya kotoni, niusuuze na kuuanika mpaka uwe mweupe. Nikamuuliza wa nini. Akasema nitaona mwenyewe. Mie nikajua sabuni. Si mnawakumbuka wale waliokuja kutufunza sabuni ya mwani? Nikasema Zuhura anamtengenezea bibi harusi sabuni, na sufuria aliyopewa bila shaka ni ya wali wa nazi. Basi nikatia na nazi, nikafunga gunia, nikaondoka.

Kigombe mpaka Tanga

Nilipanda pikapu ya mtu wa dagaa, nikakaa mbele kwa heshima ya uzee. Dereva hakumaliza hata kona ya kwanza, akaanza kuvuta pua.

"Bi mkubwa, gunia lako lanuka."

"Wewe umebeba dagaa, mwanangu. Pua yako imechagua?"

"Dagaa nimezizoea. Hicho nini?"

"Mwani."

"Wa kazi gani?"

Sasa hapo mnajua jibu langu, nimewapa nyie miaka yote tukiwa majini. Nikamwambia Wazungu wanatengenezea baruti. Yule kijana alikuwa na sigara mdomoni. Akaitoa, akaizima kwenye soli ya kiatu, akaendesha mpaka Tanga mikono yote miwili kwenye usukani kama anabeba mayai. Nami nikacheka moyoni. Nilikuwa nacheka sana, safari ya kwenda.

Dukani Tanga

Nilitaka hiliki na marashi ya waridi ya kumpelekea bibi harusi, nikaingia duka moja la Wahindi, wale Waislamu wenzetu. Kakaa mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Wanamwita Bi Shirini. Najua mmeshatega masikio mnisikie naiga Kihindi. Mmekosa. Yule kazaliwa Ngamiani, hapohapo Tanga, Kiswahili chake chateleza kuliko changu.

"Karibu dada, kaa kwanza upumue. Jua la leo lina fitina."

Nikakaa juu ya gunia langu, maana kiti hakikuwapo. Akanipimia hiliki, nami macho yangu yakizunguka kwenye rafu. Nikaona pakiti ina vinyuzi vyeupe vikavu, kama mvi za mtu.

"Na hivi?"

"Chaina grasi. Wachemsha, watia kwenye maziwa na sukari, yaganda, wakata vipande. Mwezi wa Ramadhani hayakai hapa."

"Grasi ndo nini?"

"Majani."

"Majani ya China? Wachina wafyeke majani yao, wayapandishe meli, nyie mle? Ng'ombe wao wala nini, biskuti?"

Bi Shirini alicheka mpaka miwani ikaruka. Kisha akafuta macho, akaniambia, "Dada, si majani ya nchi kavu hayo. Yatoka baharini."

Nikaona huyu naye ananirudishia utani wangu. Nikamtolea jicho, nikamwambia, "Na chumvi yatoka mlimani." Tukacheka wote wawili, nami nimekalia gunia la mwani. Allah ananiona.

Kusubiri gari Muheza

Basi la kwenda Muheza halikuwa na neno. Gari la kupanda Amani ndilo lilikuwa gereji, limefunguliwa tumbo, na fundi kenda kutafuta kifaa. Tukaketi kwenye benchi la mama muuza chai. Nikala maandazi, nikamenya machungwa ya Muheza mpaka vidole vikawa vya njano, na gari halijafungwa tumbo.

Nikawanunulia watoto wa kwa Mama Rajabu vile vipipi vya mpira, vinavyovutika. Pembeni yangu kakaa mwanamke wa makamo, kavaa viatu vya kisigino na mkoba mkubwa wa ngozi, anauza vidonge vya lishe. Akaviangalia vipipi vyangu kama kaona nyoka.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba."

"Samahani, mama yangu. Wewe ni Muislamu?"

"Alhamdulillahi."

"Basi, kitaalamu," akainua kidole hiki, cha shahada, akakizungusha hivi, "ki-taa-la-mu, mama yangu, hapo umenunua nguruwe."

Nikavitua vipipi kwenye kanga. "Nguruwe gani? Hizi si za ndizi?"

"Ladha ya ndizi. Lakini kinachofanya ivutike ni jelatini. Jelatini inatokana na ngozi na mifupa, na mara nyingi ni ya nani? Ya nguruwe. Soma nyuma ya pakiti."

"Mwanangu, mie sisomi nyuma wala mbele."

"Basi shika kanuni, mama yangu. Ukiona kitu kinatetemeka," akajitetemesha mabega, na mkoba nao ukatetemeka, "jiulize."

Sasa yule mama hakusema vibaya. Alisema jiulize. Ningelishika lile neno, leo ningekuwa nawasimulia mengine. Lakini mie nilichoshika ni kidole na mabega. Nilipata sauti, wenzangu. Kitaalamu. Likaniingia kama tende. Nikawa nalisema peke yangu, kitaalamu gari halijaja, kitaalamu chai imepoa, mpaka muuza chai akaninyang'anya kikombe kwa kicheko.

Muheza mpaka Amani

Gari likaja, gunia langu likapandishwa juu ya paa. Tukapita kijiji cha Kisiwani, tukaanza kuparamia milima, na mvua ikashuka. Mvua ya kule haianzi na matone, inamiminwa. Nikalikumbuka gunia, nikasema aa, mwani utaogopaje maji, si ndiko ulikozaliwa.

Nyie mnajua, nami najua, mwani mkavu ukinywa maji baridi unafanyaje. Unavimba, unarudi ujana wake, unatoa ute. Basi tukiwa kwenye kona moja kali, dirishani kukaanza kushuka kitu. Kinashuka polepole, kizito, kinavutika, hakikatiki. Mzee mmoja Mshambaa aliyekaa dirishani akakigusa, akakinusa, akasema kwa upole wao ule, "Konda, gari lako lina mafua."

Konda akatoa kichwa nje. "Nani kapakia samaki wabovu?"

Mie natazama msitu.

"Nauliza, nani mwenye hili gunia linalotoa makamasi?"

"Kitaalamu," nikasema, "huo si ute, ni baruti imelowa."

Gari lote likacheka, na hapohapo likateleza, likazama tope mpaka nusu ya gurudumu. Tukashuka. Wanaume wakasukuma, na ute umewadondokea mabegani, kila anayeshika bodi anateleza. Yule mzee akanikatia kipande cha muwa wake, akaniambia, "Mama, mwaka huu umetupaka mafuta wote." Baridi ilinishika mpaka magoti yanagongana. Tukafika jioni, mie nimelowa, gunia limelowa, nazi moja imepasuka.

Mama Rajabu alinipokea mlangoni. Mrefu, mkavu, kilemba kimekazwa. Akanisalimu Kishambaa, "Onga mshi," kisha akakumbuka mie mtu wa pwani, akasema taratibu kama anaongea na kiziwi, "Karibu, mkwe. Umechoka, mkwe. Kaa, mkwe." Zuhura akalipokea gunia. Nikaanza kumwomba radhi kwa kulowa, yeye akatabasamu, akasema afadhali, nimempunguzia kazi ya kuroweka. Akalipeleka nyuma. Mie nikapewa uji wa moto na blanketi, nikalala kama mzigo.

Harusini

Kesho yake nyumba ikajaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Wanawake tulitandikiwa mikeka sebuleni, mashangazi wa bwana harusi, majirani, wakwe wa upande huu na huu. Mie nikawekwa katikati kwa kuwa nimetoka mbali, na mnanijua nikiwekwa katikati. Nikawaiga dereva na baruti yake, nikamwiga konda. Wakanipenda. Mama mmoja alicheka mpaka akalala begani kwangu.

Ukaja wali wa nazi. Nikauonja, nikapaza sauti wote wasikie, "Mikono hii naijua. Hii mikono nimeilea mie." Mama wa pembeni akaniambia taratibu kuwa wali kapika shangazi yake Rajabu, mume wa Zuhura. Nikasema basi shangazi naye kalelewa vizuri. Wakacheka. Mie nikajiuliza, sufuria ya Zuhura iko wapi?

Baada ya wali zikaja sahani ndogondogo. Kitu cheupe, kimekatwa kama kashata, kina hiliki juu, chanukia waridi. Nikagusa ukingo wa sahani kwa kidole. Kikatetemeka.

"Hiki nini?" nikamuuliza jirani.

"Sijui, bibi. Jeli labda."

Wenzangu, hakuna aliyeniomba. Hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kunyamaza, nikakisogeza pembeni kama mtu aliyeshiba. Lakini watu walikuwa wananitazama wanangoja kitu kingine, na sauti ilikuwa imenikaa kooni tangu Muheza. Nikainua kidole.

"Ki-taa-la-mu, mama zangu."

Wakaanza kucheka kabla sijasema neno.

"Kitaalamu, hapa tumeletewa nguruwe." Nikatetemesha mabega. "Ukiona kinatetemeka, jelatini. Jelatini ni ngozi, jelatini ni mifupa. Ya nani? Soma nyuma, mama yangu." Nikaigeuza sahani kama naisoma nyuma. Kile kitu hakikuanguka, kikashikilia sahani kikitetemeka nami.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha kikapungua upande mmoja. Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akauliza, "Bibi, hayo ni mzaha au kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Ningesema mzaha. Nikaona haya kusema mzaha, kwa kuwa walishaniona mjuzi. Nikasema, "Kweli. Kaniambia mtu wa mkoba."

Akatua sahani yake. Wa pili akatua. Mmoja alikuwa keshatia mdomoni, akakitema kwenye kiganja, akawa hajui akitupe wapi. Sahani zikawa zinashuka mkekani moja moja, tk, tk, tk, na mimi nazisikia mpaka leo.

Nikainua macho. Zuhura kasimama mlangoni na sinia la pili. Jeupe tupu, limejaa. Alikuwa ananitazama mie, hatazami wageni, ananitazama kama mtu anayetafuta bibi yake kwenye kundi la watu asiowajua.

Nikajua. Nikajua sufuria ilikuwa ipi.

Mama Rajabu akaja kutoka uani, anafuta mikono. "Mbona hamli?"

Shangazi yule akamwambia, "Tumeambiwa ni nguruwe."

"Nani kasema nguruwe nyumbani mwangu?"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Wote wakanitazama tu. Mama Rajabu akamgeukia Zuhura, akamuuliza katia nini humo. Zuhura akajibu polepole kuwa katia maziwa, sukari, hiliki, marashi, na mwani. Mwani aliouleta bibi yake jana.

"Mwani ndo nini?" akauliza mtu.

Mama Rajabu alikwenda jikoni, akarudi na kitambaa cha kuchujia, kimefungwa fundo, akakifungua mbele yetu juu ya mkeka. Mlikuwa na makapi, mabaki yasiyoyeyuka, vitu vya rangi ya maji ya mchele. Na ndani yake, wenzangu, kimelala kijiuzi cha buluu. Cha kufungia mwani. Kimefungwa fundo langu, lile la kuzungusha mara mbili ambalo nyie mnanicheka nalo kila bamvua, maji yakipwa, mnasema Bi Mwanaidi anafunga mwani kama anafunga mbuzi. Na mnanisema pia kuwa sichambui, nauza mwani na nyuzi zake. Mmesema kweli. Nilikiokota. Nilikitambua kama mtu anavyotambua meno yake kwenye glasi.

"Hivi ndivyo alivyochemsha," Mama Rajabu akasema. "Nimesimama naye. Majani yameyeyuka kwenye maji mpaka yamekuwa mazito kama gundi, akachuja, akamimina kwenye maziwa. Nami nikamwambia hayatashika, friji hatuna na umeme hakuna. Jeli ya dukani bila friji ni maji. Hii imeganda juu ya meza, kando ya mafiga, nami naiangalia." Akanigeukia. "Mkwe, hii si kazi yako? Si wewe unayelima?"

Nikataka kujibu. Nikatafuta sauti ya kusemea. Nikaikuta ya dereva, nikaikuta ya konda, ya Bi Shirini, ya yule wa mkoba. Zimepangana. Yangu siioni. Ilipotoka ilikuwa nyembamba, hata mie sikuijua.

"Ni mwani wangu," nikasema. "Nimeupanda mie, nimeuanika mie. Nguruwe hayumo. Sikujua unaliwa. Nimesema nisilolijua ili mnicheke."

Nikachukua kipande, nikala mbele yao. Nilingoja chumvi, nilingoja ile harufu iliyomsumbua mtu wa dagaa. Hapana. Mwani hauna ladha yake mwenyewe ukishasuuzwa, unachukua ya mwenzake. Kilikuwa maziwa na waridi, kimesimama wima. Kizuri.

Mama Rajabu akaketi mkekani, yeye ambaye tangu asubuhi hajaketi, akavuta sinia la Zuhura. Akala kimoja, akala kingine, hana haraka, kama mtu aliye peke yake. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mke wa mwanangu hanilishi haramu. Na kesho wageni wa kuaga atawapikia yeye. Chakula chote."

Baadhi wakala. Yule mama aliyenilalia begani akala viwili, akasifu. Shangazi wa bwana harusi hakula, alifunika sahani yake kwa kitambaa mpaka mwisho, kwa adabu. Na wasichana waliokuwa mlangoni, wale wa kisasa, walipokuja kuomba zaidi nikawasikia, "Niongezee huyo nguruwe wa pwani." Wanacheka. Jioni nzima kikaitwa hivyo. Mpaka naondoka ndilo jina lake Amani, na aliyekipa jina ni mie, na atakayeliitikia kila akipika ni Zuhura.

Kurudi

Mengine nilielezwa jikoni siku ya pili, nikimenya vitunguu ili niwe na sababu ya macho mekundu. Zuhura alijifunza kwa wale Wahindi wa Tanga aliokuwa akiwafanyia kazi kabla hajaolewa. Siku moja chaina grasi iliwaishia, akakumbuka bibi yake, akajaribu mwani wetu. Kumbe vile vinyuzi vya dukani na mwani wetu ni ndugu, baba mmoja bahari. Na ule tunaouza, hawafanyii baruti. Wanausaga unga, wanautia kwenye aiskrimu isiwe barafu, kwenye maziwa ya kopo yasijitenge, hata kwenye dawa ya meno ishikane. Mimi naswaki mwani wangu kila siku na siujui. Nawaambieni nyie pia, maana hayo ya baruti nimewalisha mie.

Wageni wa kuaga walikula, na sahani zilirudi tupu. Mama Rajabu alimkabidhi Zuhura ufunguo wa kabati la vyombo mbele yangu, akalitundika neno juu yake, "Mkwe, tuletee gunia jingine. Ulichambue." Nikasema nitalichambua.

Zuhura alinisindikiza mpaka penye gari. Njia ya chai, ukungu umekaa kwenye majani. Alinibebea kikapu. Nilitaka nimwambie nisamehe, nikaogopa litatoka kwa sauti ya mtu. Nikamshika mkono tu. Gari lilipowashwa aliinama dirishani, akaniomba jambo moja. Aliniomba nikifika Kigombe nisimwige.

Mwalimu Hadija kaacha kuandika, ananitazama. Ananiuliza, kwani alilisemaje? Alikuwa analia, au kakasirika, au anacheka?

Hilo ndilo mnalolitaka nyote. Mtu wa dagaa nimewapa, konda nimewapa, mama mkwe nimewapa na kilemba chake. Andika hapo, Mwalimu, kwamba nimeulizwa Zuhura alilisemaje, na sikujibu.